Eti Ukizaa Litakwisha

Nani aliyelianzisha hili la "ukizaa litakwisha"? Naomba aje hapa kijiweni akae kwenye benchi, tumuulize taratibu. Maana nimelisikia kabla sijavunja ungo na nalisikia mpaka leo, tena kutoka kwa watu waliosoma. Binti anajikunja kila mwezi, anatapika, anakosa mitihani. Mama mtu anambeba mpaka hospitali, analipa nauli, analipa kadi, na jibu linalotoka ni lile lile ambalo bibi angempa bure nyumbani: hilo ni chango, ndiyo uanamke huo, ukiolewa ukazaa litakwisha. Nasonya. Na nitasonya tena kabla sijamaliza.

Kijiwe chetu kiko Temeke, chini ya mkungu, kati ya egesho la bodaboda na baraza ninaloshonea. Upande wao kuna vijana wa pikipiki na mzee wa kahawa. Upande wetu niko mimi na cherehani, msusi na wateja wake, na mama anayekaanga mihogo. Siku nyingi wao wana Simba na Yanga yao, sisi tuna yetu. Wiki hii maongezi yamechanganyika, kwa sababu binti wa mama mihogo alidondoka njiani akitoka shule, na ni mmoja wa vijana hao aliyempakia akamfikisha zahanati, nauli hakudai. Aliporudi alisimama mbele ya cherehani yangu akasema, "Dada fundi, mbona wamesema hana kitu?"

Hana kitu! Mtoto wa kidato cha tatu anadondoka barabarani, jasho linamtiririka, midomo imempauka, halafu hana kitu.

Jioni mama yake akaniletea daftari. Wanaoishi huku kwetu wanajua, zahanati nyingi unakwenda na daftari lako mwenyewe, lile dogo la shule, na ndilo faili lako. Nikalifungua juu ya vipande vya kitenge. Kila ukurasa una tarehe yake na mwandiko wake, na kila mwandiko umekuja na ugonjwa wake. UTI, sindano. Ukurasa unaofuata UTI tena, sasa imeongezwa neno "sugu". Kisha PID, na vidonge vya aina tatu. Kisha taifodi. Kisha minyoo. Mahali pengine wameandika msongo wa mawazo, na mtoto hakuulizwa anawaza nini. Kitu kimoja hakimo ukurasa hata mmoja: tarehe ya hedhi. Mimi ni fundi cherehani, udaktari sikusomea, lakini nilipomwita binti mwenyewe akanitajia siku zake, tukaweka kalenda kando ya daftari, safari zote zile za zahanati ziliangukia mle mle. Antibayotiki juu ya antibayotiki kwa mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza, "Mwanangu, maumivu yanaanza lini, na yanakwisha lini?"

Na hilo neno PID halikuingia nyumbani kwao salama. Mama alielezwa kwamba ni maambukizi yaliyopanda kwenye kizazi, mara nyingi kutokana na magonjwa ya zinaa. Alirudi akambana binti chumbani amtaje mwanaume. Binti analia kwamba hajui mwanaume, mama anaona anadanganywa. Siku nyingi mtu na mwanawe hawakusemeshana, kwa sababu ya herufi tatu zilizoandikwa bila kipimo. Aliponisimulia hili alikuwa anasugua karai la mafuta, akawa anasugua pale pale tu. "Dada, mimi ndiye wa kwanza kumwita muongo," akasema. Nikamwambia hapana, mama mwenzangu. Aliyemwita muongo wa kwanza ni yule aliyemwandikia ugonjwa bila kumsikiliza.

Sasa nisikilizeni, na nyie wa pikipiki msogee. Kuna ugonjwa unaitwa endometriosisi. Ndani ya kizazi kuna utando unaonenepa kila mwezi, mimba isipoingia unatoka na damu ya hedhi. Kwa mwenye ugonjwa huu, nyama zinazofanana na ule utando huota nje ya kizazi: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye mirija, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Huko nako zinafuata homoni za mwezi, zinavimba na kuvuja, ila damu haina njia ya kutokea. Panawaka kwa ndani, makovu yanajengeka, viungo vilivyotakiwa kuteleza vinagandana. Ndiyo maana mwenye nao haumwi tumbo tu. Anaumia akienda haja kubwa, akikojoa, akikutana na mumewe. Mgongo na mapaja yanavuta. Uchovu wake hauishi kwa kulala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanao wanawake na wasichana wapatao milioni 190, takriban asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa. Asiniambie mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu.

Na kuzaa hakuuponyi. Wapo wanaopata nafuu wakiwa na mimba kwa kuwa hedhi imesimama, kisha maumivu yanarudi. Wapo ambao ugonjwa wenyewe ndio unaowazuia kushika mimba. Yaani tunamwambia mtu dawa yako ni mtoto, na ugonjwa wake ndio unaoweza kumnyima huyo mtoto! Halafu akikosa mtoto tunamwuliza alitoa mimba ngapi usichanani.

Kama binti wa mama mihogo anao, atakayesema ni daktari wa kumpima. Ninacholia nacho ni kwamba hakuna aliyetafuta. Walimpiga utrasaundi ya kawaida, karatasi ikasoma salama, mama akarudishwa nyumbani. Utrasaundi ya kawaida inaweza kuona uvimbe mkubwa kwenye ovari, lakini vile vidoa vidogo vilivyotawanyika tumboni inavipita. Mtaalamu aliyezoea ugonjwa huu huona zaidi, na wakati mwingine inabidi kuingiza kamera tumboni kwa matundu madogo ndipo vionekane. Kwa hiyo karatasi safi haimaanishi mgonjwa mzima. Inamaanisha kipimo kile hakikuona. Mtu mwenye elimu ya kusoma ile karatasi ndiye aliyetakiwa kumwambia mama hivyo, asimwachie fundi cherehani.

Yule kijana wetu wa reggae, mwenye kofia ya rangi tatu, ndiye aliyemtaja Njambi Koikai. "Si yule MC wa Kenya, Fyah Mummah?" Ndiye. Sauti ile iliyokuwa inaamsha ukumbi mzima ilikuwa inatoka kwenye kifua kilichojaa matatizo. Kwa Njambi zile nyama zilifika mpaka kwenye mapafu, pafu likawa linasinyaa mara kwa mara, hewa imekwama kifuani. Maumivu yalianza akiwa na miaka 13, na kujua jina la kinachomuumiza kulichukua miaka mingi sana. Mwaka 2018 Wakenya walichanga, akaenda Atlanta, Marekani, kupasuliwa na wataalamu. Alirudi akasema mambo haya hadharani, redioni na jukwaani, mpaka wasichana waliokuwa wakijificha na maumivu yao wakajua si peke yao. Alifariki Juni 2024, akiwa na miaka 38. Kijana wa reggae akavua kofia. Alikuwa anazijua shoo zake zote, la mapafu hakulijua.

Na kwetu, Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001. Alipita kwenye majukwaa ya mitindo New York akiwa na ugonjwa huo huo, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, akajitokeza kusema wazi wakati ambapo hapa nyumbani neno hedhi lilikuwa halitamkwi mbele ya wanaume. Mwaka 2017 akapata mtoto wa kiume. Watu wengi wanaikumbuka picha ya mtoto. Mimi namkumbuka kwa kufungua mdomo, kwa sababu mrembo wa taifa akisema naumwa hedhi, mama wa Temeke anapata pa kuanzia.

Mzee wa kahawa alikuwa kimya muda wote. Akamimina kikombe, akasema, "Mwanangu fundi, haya mengine si ya hospitali. Mwanamke akimkataa mumewe usiku, huyo ana jini mahaba."

Shikamoo yake nilishampa asubuhi, kwa hiyo nilimjibu kwa heshima lakini sikumung'unya maneno. Baba, mwanamke anayeumia kila akikutana na mumewe hakatai mume, anakataa maumivu. Inaweza kuwa hiyo endometriosisi. Inaweza kuwa misuli ya nyonga inajikaza yenyewe bila kuamriwa, kwa hofu au kwa kumbukumbu ya kuumizwa. Inaweza kuwa kovu la kushonwa baada ya kujifungua, au la kukeketwa. Inaweza kuwa ukavu wa mama anayenyonyesha, au wa mwanamke ambaye hedhi yake imekoma. Yote haya yana majina na yana matibabu: mazoezi ya misuli ya nyonga chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, vilainishi, krimu ya estrojeni, na wakati mwingine upasuaji. Badala yake anafukizwa, ananyweshwa kombe, anachanjwa, na mume anatafuta mke wa pili kwa ushauri wa baraza la wazee.

Msusi alikuwa anamalizia mstari wa twende kilioni. Hakuinua kichwa. Akasema ndoa yake ya kwanza alikuwa anauma pindo la kanga ili mume asisikie. Amejifungua watoto wake kliniki, amechoma sindano za uzazi wa mpango, amepima kila kinachopimwa, na hakuna muuguzi wala daktari aliyewahi kumuuliza kama tendo la ndoa linamuuma. Wanauliza umezaa mara ngapi, wangapi wako hai, wa mwisho ana umri gani. Kizazi kinaulizwa, mwenye kizazi haulizwi. Mteja aliyekuwa anasukwa akageuza shingo, nywele ziko mkononi mwa msusi, akasema, "Hata mimi." Yule wa kwenye foleni naye akasema hata mimi.

Mnajua kwamba hata waliowafundisha madaktari wetu walikuwa na vitabu vyenye makosa? Daktari bingwa wa Australia, Helen O'Connell, alichapisha mwaka 1998 uchunguzi wa maumbile ya kisimi, akaonyesha kuwa sehemu kubwa ya kiungo hicho imo ndani ya mwili, na kwamba michoro iliyokuwa ikitumika kufundishia ilikuwa pungufu na yenye makosa. Mwaka 1998! Binadamu walikuwa wamekwenda mwezini na kurudi, wanabadilisha mioyo ya watu, na mishipa ya fahamu ya mwanamke ilikuwa haijachorwa sawasawa, ilhali wapasuaji wanapitisha kisu hapo kila siku. Msitazame chini, kaka zangu. Mmetoka humo wote.

Nikataja vidonge vya majira, ugomvi ukaanza. Maana nilisema hivi: maumivu ya hedhi yana dawa. Ibuprofeni au diklofenaki ikianzwa mapema, kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo wala shida ya figo, husaidia wengi. Isiposaidia, zipo dawa za homoni, na miongoni mwake ni vile vile vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu vinatuliza ule utando usinenepe. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2022 unakubali tiba ianze kwa kufuata dalili, bila kusubiri upasuaji wa kuhakikisha. Huyu binti angeweza kusaidiwa tangu ukurasa wa kwanza wa daftari. Lakini binti wa sketi ya shule akienda dirishani kuuliza vidonge hivyo, ataulizwa una mume? Atatazamwa juu mpaka chini. Mama yake mwenyewe alishtuka: "Dada, vile si vinaharibu kizazi?" Na mmoja wa vijana akadakia kwamba mkewe sindano ya miezi mitatu ilimvuruga, damu haikatiki, alipolalamika kliniki akaambiwa vumilia, mwili utazoea.

Hofu ya mama haitokani na ujinga, na malalamiko ya mke wa yule kijana si deko. Vidonge hivyo haviharibu kizazi. Lakini historia yake ndiyo iliyotufundisha wanawake kutoamini, na nitawaeleza kwa nini. Mwaka 1956, vidonge vya kwanza vilipelekwa kujaribiwa Puerto Rico, kwenye nyumba za serikali za watu maskini huko Río Piedras. Vilikuwa na homoni nyingi mno kuliko vya leo. Wanawake walivinywa kwa sababu walichoka kuzaa, na hawakuelezwa sawasawa kwamba wao ndio jaribio. Daktari aliyesimamia kazi ile, mwanamke, Edris Rice-Wray, aliandika ripoti: asilimia 17 ya wanawake wanalalamika kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa, tumbo, kutapika. Kwa maoni yake dawa ilifanya kazi lakini madhara yalikuwa makubwa mno. Gregory Pincus, mwanasayansi mkuu wa mradi, aliona mengi ya malalamiko hayo yako kichwani mwa wanawake. Dawa ikaendelea. Mwaka 1960 Marekani ikaiidhinisha kwa uzazi wa mpango, kwa kipimo kile kile kizito.

Miaka kumi baadaye, 1970, Seneta Gaylord Nelson akaitisha vikao vya Seneti kuhusu usalama wa vidonge. Madaktari waliitwa, wanasayansi waliitwa. Mwanamke anayevinywa hakuitwa hata mmoja. Wanawake wakaenda wenyewe, wakasimama katikati ya kikao wakauliza kwa sauti kwa nini hawasikilizwi, wakatolewa nje, wakarudi. Ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ya vidonge, yenye maandishi madogo kuhusu kuganda kwa damu na maumivu ya kichwa, mizizi yake iko kwenye kelele zile. Nimeikunjua moja hapa mezani, ni ndefu kuliko futi yangu ya kupimia kiuno. Huku kwetu mara nyingi unapewa vidonge bila karatasi, au karatasi isiyo ya Kiswahili, na mtoaji anakwambia meza kila siku saa ile ile, mwingine!

Sasa linganisheni. Kulikuwa na sindano ya uzazi wa mpango ya wanaume. Ilijaribiwa kwa wanaume 320 katika nchi kadhaa, matokeo yakachapishwa 2016. Ilizuia mimba vizuri sana. Lakini wanaume walipata chunusi, maumivu ya misuli, na wengine hisia zao zikabadilika, wakapata huzuni nzito. Kamati huru ya ukaguzi ikashauri sindano zisimamishwe mwaka 2011, kwa sababu ya usalama. Mimi siilaumu kamati ile. Huzuni nzito ni jambo la kutisha, na mtu anayepewa dawa akiwa mzima hastahili kuondoka mgonjwa. Ndivyo inavyotakiwa kufanywa! Mtu akisema naumia, kazi inasimama, anaulizwa. Hilo tu ndilo tunalolidai, na mke wa yule kijana alikuwa na haki nalo kliniki: kuambiwa kwamba kuvuja damu ovyo ni madhara yanayojulikana ya sindano ile, kupimwa wekundu wa damu, na kupewa njia nyingine akitaka.

Mzee wa kahawa akauliza, "Sasa madaktari wetu wafanyeje, ndivyo walivyofundishwa?" Swali la haki. Tatizo linaanzia mbali. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo uliowatoa wanawake wenye uwezo wa kuzaa kwenye hatua za mwanzo za kujaribu dawa, kwa hofu iliyobaki baada ya dawa ya thalidomaidi kuzalisha watoto wenye ulemavu. Hofu ilikuwa ya kweli. Matokeo yake ni kwamba dawa nyingi zikapimwa kwenye miili ya wanaume, kisha zikauzwa kwetu sote. Mpaka 1993 ndipo sheria ikalazimisha wanawake waingizwe kwenye tafiti zinazolipiwa na serikali ya huko. Dawa ya usingizi zolpidemu iliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Mwaka 2013 ndipo mamlaka ikaagiza kipimo cha wanawake kipunguzwe nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yao inaitoa polepole na asubuhi wanaendesha gari dawa ingali kwenye damu. Na dawa nyingi za kisasa tunazouziwa madukani hapa zilianzia kwenye tafiti za namna hiyo.

Kwa hiyo simtupii mzigo wote tabibu wa zahanati. Ana foleni mpaka getini, hana mashine, bingwa wa magonjwa ya wanawake yuko hospitali ya rufaa. Najua. Lakini kuuliza hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini na iliumaje hakuhitaji mashine. Kunahitaji aamini kwamba jibu lina maana.

Mtu anayeuliza yupo, na hapo ndipo panaponikera zaidi. Ni muuza dawa wa kwenye simu. Fungua mtandao wowote wa kijamii usiku utamkuta: dawa ya kusafisha kizazi, ya kuzibua mirija, ya kumaliza UTI sugu, ya kuweka homoni sawa, zote ndani ya chupa moja. Mteja wa msusi alimwandikia mmoja wao. Akajibiwa pole dada, usiku ule ule. Akaulizwa anaumwa upande gani, damu yake ina mabonge, anaumia akiwa na mume, ana muda gani anatafuta mtoto. Maswali sahihi kabisa! Daftari lake la hospitali halina hata moja. Akatuma hela ya chupa, akatuma ya pili, akaambiwa uchafu ni mwingi inahitajika ya tatu. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa, na mrija ulioziba kwa kovu hauzibuliwi na unga wa mizizi. Lakini niambieni, angemwendea nani mwingine aliyemwambia pole?

Na hilo la kutafuta mtoto, kaka zangu, ni lenu pia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hupata tatizo la kutoshika au kutotungisha mimba wakati fulani wa maisha. Katika sehemu kubwa ya ndoa zenye shida hiyo, mwanaume naye anahusika. Mwanamke atapigwa picha za mirija, atachomwa, atapasuliwa, ataitwa mgumba kwenye harusi ya wifi yake, na mume hajatoa mbegu zake zikapimwe. Kipimo hicho hakina kisu wala sindano. Hospitali kubwa zinacho. Yeyote hapa ambaye mkewe anatafuta mtoto na yeye hajapima, aanze yeye.

Sisi tunaoelekea hamsini na zaidi nisitusahau. Mwili unawaka moto usiku, shuka zinalowa, moyo unakimbia, mtu unasahau jina la mtoto wako, na mtaani wanasema bi mkubwa siku hizi mkali. Ukienda kupima unapewa dawa ya presha. Hedhi inakoma na homoni zinashuka, hilo ndilo linalotokea, na daktari anayejua kazi yake ana ya kukusaidia.

Alhamisi mama mihogo na binti wanakwenda hospitali ya rufaa. Tumeandika ukurasa mpya wa daftari, mwandiko wa binti mwenyewe: tarehe za hedhi, siku maumivu yanapoanza na yanapoisha, alitapika lini, alikosa shule lini, choo kinaumaje, dawa gani alishameza na hazikusaidia. Chini ameandika swali lake: inaweza kuwa endometriosisi, na kama siyo, ni nini? Kijana wa pikipiki amejitolea kuwapeleka, na anataka kuingia nao mpaka ndani, kwa sababu anasema ameona kwamba mwanaume akisimama pale dirishani huduma inasogea. Limeniuma kulisikia, na ni kweli. Nimemwambia aingie. Ila daktari akiuliza mgonjwa anasikiaje, yeye na mama mtu wakae kimya, ajibu binti.